Uzoefu wa Marlene Olynyk

Marlene Olynyk alipopewa umeneja mkuu wa Mbweha, timu ya hoki ya barafuni ya Harlan Lake, mji mzima ulicheka kwa adabu, yaani ulisubiri kwanza atoke mlangoni. Mama wa miaka hamsini na sita, mpishi wa shule ya msingi, hajawahi kuongoza kitu kikubwa kuliko sufuria! Meneja aliyemtangulia alikuwa ameacha kazi mwezi wa kumi na moja bila hata kurudisha funguo. Bodi ikatafuta mtu mwenye uzoefu, na watu wote wenye uzoefu wakawa na uzoefu wa kutosha kukataa. Ndipo mwenyekiti akamwona Marlene, ambaye kosa lake lilikuwa kuingia kikaoni kuwaletea mikate ya mdalasini.

Sifa yake nyingine ilikuwa kwamba alikuwa mama mlezi. Vijana wanaochezea Mbweha hutoka mbali na makwao, kwa hiyo timu huwagawa kwenye nyumba za watu, ili wapate kula, walale, wafuliwe, na wafokewe inapobidi. Kwa miaka kumi na tisa Marlene alikuwa amewalea vijana ishirini na watatu kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Wa ishirini na tatu ndiye Rylan Pelletier, miaka kumi na tisa, magoli arobaini na moja kabla ya Krismasi, kijana pekee aliyeufanya mji ule utoke nje kwenye baridi ya nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri kwenda kutazama kitu.

"Kulea watoto siyo uzoefu," alitangaza Elmer Sigurdson, mkulima mstaafu, kwenye meza ya kahawa ya mkahawa wa kituo cha mafuta, ambako yeye na wenzake hukutana kila asubuhi saa nne na kurusha dadu kuamua nani awalipie wengine. Meza ile huamua pia bei ya ngano, uchaguzi wa serikali na mahali pa kujenga daraja, na haijawahi kupatia hata kimoja. "Meneja ni mtu aliyewahi kumbadilisha mchezaji nyota kwa wa timu nyingine, akaumia, akajifunza. Huyu mama atamtoa Rylan kwa magunia mawili ya viazi!"

"Afadhali viazi, Elmer," alimjibu mwenzake. "Yule wa mwisho alimtoa nyota wetu akaleta golikipa anayeogopa kisahani kinachopigwa golini."

Ili mama wa watu asipotee, bodi ilimpa mshauri. Dale Frostad alikuwa ameongoza timu nne. Ya kwanza ilihama mji, ya pili ilifungwa, ya tatu ilihama kwanza ndipo ikafungwa, na ya nne haitajwi mbele yake. Huo ndio uzoefu, na bodi ilimlipa kwa heshima yake.

Siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji ilikuwa tarehe kumi Januari, saa tisa alasiri. Saa mbili asubuhi Dale alikuwa jikoni kwa Marlene, kofia kichwani, akila pirogi za jana, zile sambusa za kuchemsha za viazi.

"Nimekumalizia kazi," alisema. "Rylan anakwenda Fort Keller. Wao wanatupa watatu. Kessler beki, Bouvier mshambuliaji, na yule Mslovakia mrefu. Watatu kwa mmoja, Marlene! Mtu asiye na uzoefu hapati hata wawili."

Kwamba Rylan aende, Marlene alikuwa amekwisha kukubali, ingawa moyo ulimuuma kila akishuka ngazi za chini na kapu la nguo. Huu ulikuwa msimu wake wa mwisho kabla ya umri kumtoa kwenye ligi hiyo ya vijana. Fort Keller waliongoza ligi, na watafuta vipaji wa vyuo vikuu walikaa majukwaani kwao kila Ijumaa. Harlan Lake haijawahi kutembelewa na mtafuta chochote. Asipopata ufadhili wa chuo mwaka huu, Rylan angerudi kwao kuendesha lori la mchanga na baba yake.

"Nipe saa moja," Marlene alisema. "Nipige simu kidogo."

"Kwa nani? Nimeshaongea na Curtis, meneja wao. Tunajuana miaka thelathini."

"Kwa Joanne."

"Joanne ndiyo nani?"

Joanne Thiessen alikuwa mama mlezi kule Fort Keller. Kwenye madaftari ya Dale, yenye magoli, dakika na uzito wa kila mchezaji, hakuwa na ukurasa.

"Kessler?" Joanne alisema. "Weee! Yuko kwa jirani yangu. Aligongwa kichwa kabla ya Krismasi, na wiki mbili hizi hajafungua pazia la chumba, mwanga unamuumiza. Kwenye karatasi wameandika mafua. Na Bouvier ameshafunga mabegi, anarudi kwa mpenzi wake Quebec. Mtampokea kwa siku tatu labda. Ila nina mmoja hapa kwangu, Wiebe, golikipa wa akiba. Hawampi mechi. Kila jioni anarusha mpira kwenye ukuta wa gereji yangu na kuudaka mpaka nimwite mara tatu. Tena anaosha vyombo bila kuambiwa."

Marlene alirudi mezani. "Simtaki Kessler. Simtaki Bouvier. Nataka Mslovakia na Wiebe."

"Wiebe nani?" Dale alipekua daftari lake. "Mama, huyu amecheza dakika arobaini! Mwaka mzima!"

"Basi mpigie Curtis, atafurahi."

Curtis alifurahi mno, hadi akacheka kwenye simu. Baada ya kucheka akanyamaza, na kwenye kunyamaza huko akaanza kufikiri, jambo ambalo Dale hakulitarajia kwa mtu wanayejuana miaka thelathini. Saa nane na nusu simu ya Marlene ililia. Alikuwa Joanne, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo.

"Marlene, Curtis yuko hapa jikoni kwangu na kalamu mkononi. Ameshtuka, anataka kujua umezijuaje habari zetu. Anasema hatii saini mpaka nami nikuulize habari za Rylan. Nimemwambia mama mlezi hamdanganyi mama mlezi. Basi niambie, mwenzangu. Anakula nini? Analala vizuri? Yuko mzima?"

Rylan alikuwa amesimama mlangoni, mabegi miguuni, fimbo zake za hoki zimefungwa pamoja. Tangu Krismasi hakuweza kuinua mkono wa kushoto kupita kifua. Kila asubuhi alitoka bafuni na shati, akanyoosha mkono, na Marlene akamvisha. Kila baada ya mechi alilaza bega juu ya mfuko wa njegere zilizogandishwa, hapo hapo mezani. Daktari wa timu hakujua, na Dale mwenye madaftari hakujua.

"Mama M.," alikuwa amemwomba, akisuuza sahani kwa mkono mmoja, "usimwambie mtu. Nikipata mechi kumi tu mbele yao, basi. Nikikaa hapa nimekwisha."

Sasa alimtazama tu.

"Anakula kila kitu isipokuwa uyoga," Marlene alisema. "Analala vizuri. Yuko mzima kabisa, Joanne."

Saini ilitiwa saa tisa kasoro dakika kumi. Dale, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amesikiliza badala ya kusema, alivua kofia. Hakuijua siri yenyewe, lakini miaka thelathini ya kazi ilikuwa imemfundisha sauti ya mtu anayedanganya.

"Sikujua unaweza," alimwambia, na ilikuwa pongezi ya kweli.

Bega la Rylan lilichomoka kwenye mechi yake ya tatu huko Fort Keller. Watafuta vipaji walimtazama akitolewa barafuni, wakafunua ukurasa mwingine wakaandika jina la mtu mwingine. Huku nyumbani Wiebe alidaka kila kitu alichotupiwa, na Mbweha wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Asubuhi iliyofuata Elmer Sigurdson alimvutia Marlene kiti kwenye meza ya kahawa, akamwekea dadu kiganjani.

"Rusha wewe, meneja. Mimi nilisema tangu mwanzo, huyu mama ana uzoefu."

Hakuna aliyemkumbusha viazi. Marlene alirusha, akashindwa, akawalipia wote saba.

Siku hizo alimpigia Joanne mara nne. Simu iliita mpaka ikakata, zote nne. Akawapigia kina mama wa miji mingine, na wale wawili waliopokea walimwambia kuhusu hali ya hewa tu, habari za wachezaji hawakuzigusa.

Mwezi wa tatu Rylan alipita kuchukua nguo zake zilizobaki, mkono wa kushoto umening'inizwa kwa kitambaa. Alikula pirogi kumi na mbili. Akaeleza kwamba baba yake ameshamtafutia lori, lenye gia za kujibadilisha zenyewe, litafaa mkono mmoja.

"Joanne alijuaje kwamba nilikuwa najua?" Marlene alimuuliza mwishowe. "Ulimwambia?"

"Sikumwambia kitu." Rylan alisukuma sahani. "Asubuhi ya kwanza tu, nilitoka bafuni na shati, nikamnyooshea mkono. Nilijisahau, nilidhani niko hapa. Aliniangalia muda mrefu, halafu akanivisha."

Nje baba yake alipiga honi. Rylan alisimama, akachukua koti kwenye msumari, akamnyooshea Marlene mkono wa kulia. Marlene alimvisha upande huo, upande wa pili akautupia begani juu ya kitambaa, akafunga zipu mpaka kidevuni bila kumtazama usoni.