Jina Lililokuja Mara Mbili

Mama yake Sajitha alijikata kiganja kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akajifunga kipande cha sari kuukuu na kuendelea kupika. Mkono ulipovimba hadi kiwikoni na homa ikampanda, ndipo Sajitha alipompakia kwenye bajaji wakakimbilia hospitali kubwa ya jiji la Kochi.

Habari za mama kama mgonjwa zilikuwa zimeshafika kutoka zahanati ya mtaani, katika faili la kompyuta la XML ambalo muundo wake aliubuni Sajitha mwenyewe kazini. Ulikuwa muundo mwepesi: kila habari mstari wake, wenye jina na thamani. Kwa mfano, jina: damu; thamani: O. Mwenzake Prasobh, aliyeandika programu ya kuyasoma mafaili hayo hospitalini, alitaka kila jina litengenezewe alama yake maalumu. Walibishana msimu mzima wa mvua, na Sajitha akashinda, maana kwa njia yake zahanati zingeongeza majina mapya bila kumsumbua mtu.

Muuguzi aliingia na sindano kwenye kisahani.

"Dawa gani hiyo, sista?" Sajitha aliuliza, kwa mazoea tu.

"Penisilini. Tuuwahi mkono."

"Mama hapatani na penisilini. Iliwahi kumtia mahututi."

Muuguzi akatazama kompyuta. "Mbona hapa naona mzio wa salfa peke yake?"

"Salfa na penisilini. Nilikuwepo zahanati wakiziandika zote mbili."

"Basi njoo usome mwenyewe."

Akasoma. Salfa, basi. Alitoa simu, akalivuta faili lenyewe kutoka kwenye mtambo wa kazini. Mistari ilikuwepo, imefuatana kama mapacha: mzio, penisilini, mzio, salfa. Akampigia Prasobh.

"Programu yako ikikuta jina moja mara mbili, inafanyaje?"

"Lije mara mbili kwa nini? Kila jina lina chumba chake kimoja."

"Likija, Prasobh."

"La pili linaingia chumbani, la kwanza linatoka."

"Linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, dada. Linafutika." Kisha, kwa sauti ya chini: "Kanuni uliandika wewe. Hukusema jina linaweza kurudiwa."

"Wala sikusema haliwezi."

Hakusema kwa sababu hakuona la kusema. Nani asiyejua kwamba mtu mmoja anaweza kudhuriwa na dawa mbili?

Muuguzi alikuwa ameirudisha sindano kisahanini. "Wiki iliyopita tulimdunga fundi seremala mmoja penisilini," alisema. "Koo likamziba. Mkewe akatuambia zahanati walijua. Tukamwambia, mama, umekosea, haimo kwenye kompyuta."

"Yu hai?"

"Yu hai. Bado yuko kwenye mashine ya kupumulia."

Sajitha aliketi sakafuni pale pale, karibu na ndoo ya taka, mama yake akimwita kwa sauti ya homa.

Hapo hapo alimpigia bosi wao kazini, Kuriakose, akamtaka awaarifu hospitali zote wasiuamini mfumo.

"Tuchunguze kwanza, binti. Tusizue taharuki."

"Bosi, kama ningekuwa nimetoka kununua chai, saa hizi ningekuwa naosha maiti ya mama yangu. Usipowapigia wewe, nawapigia mimi."

Kuriakose akapiga. Kufikia alasiri wauguzi walikuwa wakiwauliza wagonjwa wote kwa mdomo. Mama alipewa dawa nyingine, na uvimbe ukaanza kushuka. Sajitha na Prasobh waliuandika muundo upya, safari hii bila kubishana: jina moja laweza kubeba thamani nyingi ndani yake, na faili lenye jina lililorudiwa linakataliwa zima zima, sababu ikitajwa.

Kisha akaenda kumtafuta mke wa seremala. Alimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, ameshika viatu vya mumewe.

"Mimi ndiye niliyebuni muundo uliopoteza habari za mumeo," Sajitha alisema. "Zahanati waliandika. Hukukosea."

Mwanamke yule akageuka kumtazama.

"Nimelala siku zote hizi nikidhani mimi ndiye niliyesahau kuwaambia zahanati," alisema. "Nimemwomba msamaha mbele ya ile mashine."

Sajitha akaketi kando yake kwenye benchi, akapokea kiatu kimoja, akakishika.