Ukingo wa Baba Ukucha

Chumba chetu cha bweni pale Ibadan, tulikosomea udaktari wa meno, kilikuwa kama stendi: anayetafuta chumvi yumo, anayetafuta umbea yumo. Kwa hiyo Ewatomi alipofeli gego la mtihani, hata koti jeupe hajavua, vitanda vilishajaa watu wanaompa pole na kumcheka kwa zamu.

"Mashine haina huruma, shoga," alisema Sijuade wa kitanda cha juu. "Mwenye huruma alikuwa Baba Ukucha, na yeye ndiyo huyo, kalala udongoni."

Ewatomi aligeukia ukutani.

Baba Ukucha ndiye mwalimu aliyetufundisha kuchonga jino, kwa kutumia meno ya plastiki, ili livishwe kofia. Ukimaliza, hakulitazama. Alifumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni. Likimridhisha, alisema, "Nimelisikia. Haya, nenda ukale amala," yaani ule ugali wetu wa viazi vikuu. Ewatomi aliambiwa hivyo mara moja tu, kisha mzee akaugua, akatutoka. Tangu hapo huyu mtoto wa watu akiwekewa amala, hula huku anatazama mlangoni.

Siku hizi jino unaliweka kwenye skana. Kompyuta inalilaza juu ya jino la mfano: kijani, umepatia; nyekundu, umekata kupita kiasi; buluu, umebakiza. Ewatomi alibakiwa na mtihani wa marudio; akifeli na huo, anarudia mwaka mzima.

Kesho yake nilimsindikiza mazoezini.

"Hivi ulichongaje?" nikamuuliza.

"Alivyosema Sijuade. Ukingo umenyooka kama rula, eti mashine inapenda hivyo. Nisahau mambo ya wazee."

"Na wewe ukamsikiliza Sijuade! Yule hata wali anaunguza."

Akacheka kidogo, akalikuza jino la mfano kwenye kioo cha kompyuta. Sisi wengine tulikuwa tunakimbilia alama tu. Nani angehangaika na mfano? Ghafla akanishika mkono. Nyuma ya lile gego, ukingo haukunyooka. Ulijipinda kidogo, laini, ukilikwepa jino la pembeni.

"'Jino lina jirani, usimkwaruze,'" alinong'ona. Maneno ya mzee hayo.

Dokta Ajibike, aliyerithi darasa, alikuwa anapita. Ewatomi akapiga goti kumsalimu, akauliza, "Mama, jino hili alilichonga nani?"

"Unadhani nani? Mashine ilikuja na jino lake la kiwandani, Baba akalikataa. Alisema halina adabu. Akakaa hapo akachonga hilo, tukaliingiza kwenye kompyuta liwe mfano."

Siku ya marudio tulijaa hadi mlangoni. Ewatomi alichonga polepole, akizima drili kila mara, anafumba macho, anapitisha ukucha. "Anaomba dua!" Sijuade akanong'ona. Nikamkanyaga.

Jino likaingia kwenye skana. Likatokea juu ya lile la mzee, likaenea kijani, hata pale nyuma penye kona. Kelele zikalipuka. Sijuade ndiye aliyerukaruka kuliko wote, na kudai ni ushauri wake.

Ewatomi hakuruka. Alisogea hadi kwenye kioo, akaweka ukucha juu ya ule ukingo, akaupitisha taratibu, macho kayafumba. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyebisha hodi na anasubiri kuitikiwa. 

Kioo kikaandika: *Umefaulu. Weka jino linalofuata.*