Mdudu Aliyekuwa Apewe Jina la Ayoo

Mwaka ule malaria ilipanda mpaka kwenye baridi ya Kimulot, ikamchukua Ayoo, mtoto wa pekee wa Kepher Ojwang. Alikuwa amezaliwa njiani, wazazi wake wakipanda kutoka ziwani kuja kutafuta kazi ya majani chai, ndiyo maana wakamwita hivyo. Na kwa desturi ya kwao, jina la mtoto aliyekufa mdogo halirithiwi. Lilizikwa naye, nyuma ya nyumba za wafanyakazi.

Kepher alimfanyia kazi Bwana Merrick, Mzungu mkimya aliyechunguza viumbe wa mtoni. Kepher ndiye aliyevua kwa wavu, akahifadhi ndani ya spiriti, akachora alichokiona kwenye hadubini. Asubuhi moja, chini ya mawe ya kijito, alinasa mdudu ambaye wote wawili hawakumjua: jamaa ya kamba wa baharini, mdogo kama punje ya mchele, mgongo umepinda, mbavu zimebanwa, akiogelea kwa ubavu kana kwamba amesukumwa akaanguka.

Wakamkagua kiungo kwa kiungo: macho, miguu, vijiti vya mkiani. Bwana alipekua vitabu vyake vyote asipate aliyefanana naye.

"Huyu hajulikani, Kepher," alisema. "Na anayemtambua kwanza ndiye humpa jina." Akasita. "Tumpe la binti yako?"

Kepher aliitikia kwa kichwa.

Mkewe Beldina alipoambiwa, aliacha kusonga ugali. "Mtoto wangu awe mdudu, Baba Ayoo?"

"Si yeye, ni jina. Litaandikwa kwa vitabu, litasomwa hata sisi tukiwa tumeoza."

Beldina akaurudia ugali wake. Lakini baada ya hapo Kepher alimkuta kijitoni zaidi ya mara moja, ndoo imeshajaa, naye bado ameinama akigeuza mawe polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake usingizini.

Mvua zilipokatika, zikafika chupa ambazo Bwana alikuwa ameagiza ng'ambo, zenye wadudu wa kulinganisha. Bwana alitazama mmoja kwa muda mrefu, kisha akampisha Kepher kwenye hadubini.

"Huyu ana manyoya mkiani," Kepher alisema haraka. "Wetu hawana."

"Wetu tuliowachora walikuwa wachanga. Kalete wakubwa."

Akaleta. Wakubwa walikuwa na manyoya, mazito, vilevile.

Bwana alivua miwani. "Nimekosea. Ni wa Ulaya, na alipewa jina kabla mimi sijazaliwa. Nadhani alijificha kwenye magugu ya maji, ndani ya mapipa ya wale samaki wa bwawani kwangu, walioletwa kwa reli mpaka stesheni ya Lumbwa. Pole sana, Kepher."

Ndipo Kepher alipouwaza wavu wake. Zamani ulipanda kutoka majini na kila aina ya kiumbe. Siku hizi ulipanda na huyu peke yake. Na yeye alikuwa akifurahia wingi wake.

Bwana akaamuru chokaa imwagwe katika bwawa la samaki. Kepher alibeba magunia mwenyewe. Samaki walielea matumbo juu, na wale wadudu wakajikunja kwenye tope jeupe. Alisimama ukingoni mpaka macho yakamwasha.

Jioni alimweleza Beldina yote.

"Kumbe alikuwa na jina lake," Beldina alisema.

"Alikuwa nalo."

"Na wewe leo umewaua."

"Ni wageni, Mama Ayoo. Wanamaliza wenyeji wa mto."

"Sisi pia ni wageni hapa." Alifunika chungu. "Na usiniite hivyo tena."

Kabla ya majani chai kupogolewa, Beldina alirudi kwao ziwani. Kepher alibaki, maana Bwana alitaka kujua mdudu amefika wapi. Chokaa haikuwa imesaidia. Kepher alishuka na mto, wavu begani, na kila kijito alichokitia mkono, alimkuta.