Mkia wa Jina

Halmos Ottó hakupata usingizi ikiwa mahali fulani duniani kulikuwa na kosa. Si kosa la vita wala la njaa. Hayo aliwaachia wengine. Alichokihangaikia ni makosa ya hifadhi moja ya mtandaoni ya michezo ya kompyuta ya zamani, ile michezo ya kaseti iliyochezwa kwenye vikompyuta vya vitufe vya mpira, enzi ambazo mtu aliweza kuchemsha chai, akainywa, akaosha kikombe, na mchezo bado unalialia kwenye redio haujafunguka. Hifadhi ilikuwa na rafu ya Hungaria, na rafu hiyo ilikuwa na mlinzi wake. Mlinzi ndiye Ottó, mstaafu wa Újpest, pale pembeni mwa Budapest.

Ukiandika kwamba mchezo fulani ulitoka majira ya kuchipua, naye anajua ulitoka vuli, umekwisha. Aliwahi kumwandama Joost wa Rotterdam, mwenye hifadhi yenyewe, kwa sababu ya rangi ya kaseti. Joost alisema ni nyeusi. Ottó alisema ni kijivu iliyokolea. Walivutana mpaka Joost, mtu mpole anayefuga njiwa, akaandika "kijivu iliyokolea" na kuongeza kwamba sasa anakwenda kulala. Siku hiyo Ottó alikula mkate wake wa mafuta ya nguruwe na kitunguu kama mtu aliyeirudishia nchi yake mkoa uliopotea.

Lakini nyani haoni kundule. Mchezo uliopendwa kuliko yote katika rafu ile uliitwa Kalunguyeye na Supu. Kalunguyeye anapandisha sufuria ya supu ghorofa baada ya ghorofa, katika jumba la kizamani ambalo baraza zake zinauzunguka ua, huku akimkwepa mama mmoja mwenye ufagio na bata bukini. Ukurasa wa hifadhi ulisema mtunzi ni Ottó Halmos. Na Ottó, enzi mchezo huo unaandikwa, alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki, na kompyuta aliijulia upande mmoja tu, wa kupangusa vumbi.

Aliyeuandika ni mkewe, Sarolta. Aliuandika juu ya meza ya jikoni, jioni, akitoka kazini kwenye ofisi ya reli alikokuwa akiandika programu za ratiba za mabehewa. Ulipokamilika aliweka jina lake kwenye skrini ya kufungulia, kama lilivyokuwa kwenye kitambulisho chake: Halmos Ottóné. Jina la ukoo hutangulia, na mke wa Halmos Ottó ni Halmos Ottóné, ndivyo ilivyo kwao. Ule mkia mdogo, né, ndio "mke wa". Kilichobaki chote ni cha mume. Kikompyuta chenyewe hakikujua alama za juu ya herufi, basi skrini ikasema HALMOS OTTONE. Waingereza waliouchapa mchezo ule waliona herufi mbili zimezidi, wakazikata. Sarolta hakusema kitu. Kaseti ilikuwa kaseti, ilileta mashine ya kufulia nyumbani, na mashine ile haikuuliza jina la mtu.

Ottó naye hakusema kitu, na kutosema kwake kulikuwa kwa namna nyingine. Watu walipoanza kukumbuka michezo ya utotoni na kumtafuta "Ottó Halmos", alifungua mlango, akasema ndiye.

Sasa mambo yalikuwa yamefika kwenye kikombe. Jumamosi, katika ukumbi wa utamaduni wa Újpest, chama cha wapenzi wa kompyuta za kale kilikuwa kimpe kikombe cha heshima mtunzi wa Kalunguyeye. Joost mwenyewe angekuja. Ottó alikuwa akijisomea hotuba mbele ya mkewe, aliyekuwa akimpigia pasi shati.

"'Na mke wangu,'" alisoma, "'alinipikia kahawa nilipokuwa nikiandika programu.' Unaonaje hapo, bibie? Si vizuri kumtaja mke?"

"Vizuri sana, mzee. Ilikuwa na sukari?"

"Nini?"

"Kahawa. Wewe ni mtu wa usahihi, kwa hiyo nauliza."

"Hilo halina umuhimu."

Hakusikia kejeli. Aliyevishwa kilemba cha ukoka hasikii vizuri, maana kilemba humfunika masikio. Akaenda chumba cha pili kwenye kompyuta yake, akafunga mlango.

Sarolta alikuwa hajawahi kuufungua ukurasa ule. Leo aliufungua, kwenye simu, pasi ikiwa mkono mwingine. Akaona picha ya skrini yake. Chini yake akaona maelezo: "Jina hapa linaonekana kama OTTONE. Herufi mbili za mwisho ni hitilafu iliyotokea kaseti ilipokuwa ikifunguka. Imesahihishwa. H. O."

Alisoma mara ya pili, na shati likaanza kunuka. Iliuma. Kusahauliwa alishazoea, tena kuna raha yake, mtu hakusumbui. Lakini kusahihishwa! Kukaa na mtu miaka yote hiyo, ukampikia, ukamzalia, ukamtafutia miwani aliyoivaa kichwani, halafu akakuandika kuwa hitilafu ya kaseti.

Chini ya ukurasa kulikuwa na kitufe: Umeona kosa? Tuambie. Sarolta akawaambia. Aliandika kwamba mtunzi ni mke wa huyo aliyetajwa, akabonyeza. Chumba cha pili kompyuta ikalia kengele. Akasikia kiti kikilalamika, kisha vitufe vikigongwa kwa vidole viwili. Jibu likamfikia jikoni: "Mgeni mheshimiwa, tunashukuru kwa mchango wako. Tafadhali ambatisha chanzo cha kuaminika. Madai ya wanafamilia hayapokelewi. Wako, Mhariri wa Rafu ya Hungaria."

Akaandika tena: "Chanzo nipo jikoni. Shati lako limeungua."

Kisha mlango ukafunguka.

"Sári," alisema Ottó, akilifupisha jina la mkewe, "mambo ya hifadhi ni mambo ya hifadhi. Usiyachanganye na nyumba."

"Nani kaandika Kalunguyeye?"

"Sisi. Familia."

"Familia ipi iliyoandika? Wewe ulikuwa hujui hata pa kuwashia kompyuta."

"Jina ni lilelile, bibie. Halmos Ottó, Halmos Ottóné. Umeniona mimi, umejiona wewe. Watu wanaachana kwa mambo makubwa kuliko herufi mbili."

"Na Joost ulikesha kwa ajili ya kijivu."

Hapo Ottó alitazama jiko. Sarolta hakumpa nafasi ya kupumua. Alimkumbusha kanuni ya hifadhi ambayo yeye mwenyewe aliipigania mpaka ikaandikwa: jalada likisema hivi na skrini ikasema vile, skrini ndiyo kauli ya mwisho. Na skrini inasema OTTONE.

Mtu wa kanuni ukimshika kwa kanuni hana pa kukimbilia. Ottó alirudi kwenye kompyuta, uso umemvimba kama andazi, akarekebisha. Akafuta maelezo yake, akarudisha herufi mbili, akaondoka kwenda kununua mkate ili asiulizwe kitu.

Kesho yake asubuhi Sarolta alifungua ukurasa kabla ya kahawa. Mtunzi: Ottone Halmos. Na chini yake Joost, aliyeona mabadiliko akayafurahia, alikuwa ameongeza kwa moyo mweupe: "Jambo jipya! Rafiki yetu Ottó alitumia jina la kisanii la Kitaliano."

"Ottó."

"Nimeona."

"Nimekuwa Mtaliano. Mwanamume wa Kitaliano."

"Nimerekebisha ulivyotaka, herufi kwa herufi. Alichokielewa Joost ni shauri lake. Sikumwambia uongo."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Basi andika jina langu. Langu mimi, la kwa baba yangu. Bencze Sarolta."

Ottó aliinua mabega, na safari hii hakuwa hata na hila. "Jina hilo halipo popote, Sári. Haliko kwenye kaseti wala kwenye skrini, hata kwenye kibao cha kengele ya mlangoni halipo. Nitaliwekea chanzo gani?"

Sarolta alikaa. Baya zaidi ni kwamba mzee alikuwa anasema kweli. Tangu siku ya harusi hakuwahi kuliandika mahali, isipokuwa ndani ya jalada la kitabu cha mapishi. Alitamani kulia, akaona machozi yake nayo yataombwa chanzo. Akavua aproni, akapiga simu kwa mama mkwe.

Mama yake Ottó, Halmos Bálintné, alikuwa na umri wa kutosha kuwazika madaktari wake wote, na bado alisoma gazeti bila miwani. Alikuwa hajawahi kuuona mchezo hata siku moja. Mwanawe alimwambia ni mambo ya hesabu. Zamani aliishi kwenye jumba lenye ua katikati, ghorofa ya tatu, mlango wa kona. Alitawala baraza zote kwa ufagio, na kila vuli alinenepesha bata bukini pale barazani, bata aliyewapigia wapangaji kelele na kuwachafulia njia. Sarolta aliishi naye miaka yake ya kwanza ya ndoa. Alipotafuta adui wa kumkimbiza kalunguyeye, hakuhitaji kuvuta fikra.

"Mama," alisema kwenye simu, "Jumamosi mwanao anapewa kikombe. Itakuwa aibu usipokuwepo. Nitakuwekea kiti cha mbele kabisa."

Ukumbi ulijaa wanaume wenye upara na fulana za michezo waliyocheza wakiwa na nywele. Mwenyekiti wa chama, Dezső, alikuwa na kipaza sauti. Joost alikaa pembeni kwenye kompyuta iliyokuwa ikirusha picha kwenye ukuta mkubwa, ukurasa wa hifadhi ukiwa tayari, ili ushindi uandikwe papo hapo. Ottó alikuwa amevaa shati lingine. Alipomwona mama yake kiti cha mbele, na mkewe kando yake, alitabasamu kwa furaha ya kweli, masikini.

Mchezo ukatokea ukutani. Kalunguyeye na sufuria yake, ngazi, baraza, watu wakapiga makofi. Kisha akatoka mama wa ufagio: mfupi, mpana, kitambaa cha kichwa kimefungwa fundo mbele, soksi ya kushoto imeshuka, bata nyuma yake. Joost, aliyekuwa akicheza, alimwaga supu ghorofa ya pili. Ikamwangukia mama yule kichwani, akakalia ndoo, miguu juu, na kompyuta ikatoa mlio ambao si wa kutajwa mbele ya wageni. Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Ndugu Ottó," alisema Dezső akipangusa macho, "wengi wamejiuliza. Huyu mama ni nani hasa?"

Ottó alikohoa kama profesa. "Ni dola," alisema. "Inayofagia kila kitu. Na bata ni raia, anayenoneshwa ili achinjwe."

Wakapiga makofi tena, ya heshima. Yalipotulia, sauti kavu ikatoka kiti cha mbele.

"Ottó. Yule bata ni wangu."

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Ghorofa ya tatu, mlango wa kona. Fundo mbele. Umenichora mimi nimekalia ndoo?"

"Hapana, mama. Ni dola."

"Dola haikufuga bata barazani. Nilifuga mimi, na mapaja yote mawili ulikula wewe." Bibi alisimama, mkongojo mkononi. "Mimi nilikulea, nawe ukanitia kwenye kaseti, ukawauzia Waingereza."

Ottó alikuwa mtu mzima mwenye shinikizo la damu na pensheni, lakini mkongojo ule aliujua tangu ulipokuwa ufagio. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yake ilikuwa ikimvuka mbele ya watu. Alikamata kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Si mimi, mama. Naapa si mimi. Sikuandika hata mstari mmoja. Sikuchora mama, sikuchora ndoo, sikuchora hata ile soksi."

"Nani basi?"

Hapo angeweza kusema "mke wangu". Lakini mke wa mtu ni wa mtu, na Ottó wakati ule alitaka jambo lile likae mbali kabisa na ukoo wa Halmos. Akanyoosha kidole.

"Bencze Sarolta," alisema, na vipaza sauti vyote vya ukumbi vikalirudia jina. "Yeye. Aliandika lote peke yake. Bencze Sarolta."

Sarolta alihisi masikio yamepata moto. Bibi alimgeukia polepole, akamtazama kuanzia viatuni.

"Soksi ya kushoto uliionaje?"

"Ilikuwa ikishuka kila siku, mama."

"Lastiki ilikuwa mbovu," alisema bibi, akakaa. "Weka hilo kwenye maelezo."

Joost, ambaye Kihungari chake kilitosha kuagiza bia tu, alimvuta Dezső shati, akatafsiriwa. Macho yakamtoka. Akauliza chanzo ni kipi, akaambiwa ni mume mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima. Basi akageukia kompyuta, na juu ya ukuta mkubwa watu wote wakaona Ottone akifutwa na herufi mpya zikiingia moja moja: S, A, R, O, L, T, A. Kisha B, E, N, C, E.

Ottó alikuwa amejikunyata kando ya jukwaa, hamtazami mtu. Lakini ukuta aliuona. Alijaribu kuvumilia. Alifumba macho, akayafumbua, akaona bado lipo. Kisha akasogea kwenye kipaza sauti.

"Kuna z," alisema. "Ni cz. Bencze, z iko kabla ya e."

Joost akaweka z.