Mwenye Mgonjwa Haambiwi

Wodi ya wanawake pale Bagamoyo, siku za mwisho za Mwingereza, ilikuwa na lugha yake, na fundi wa lugha hiyo alikuwa nesi Bimdogo. Ndiye aliyeigeuza wodi kuwa jiko. Mgonjwa aliyeletwa sasa hivi alikuwa mbichi. Aliyepewa ruhusa ya kwenda kwao, ameiva. Yule aliyepona zamani lakini haondoki kwa kuwa nyumbani hana wa kumpikia, huyo ukoko. Daktari wa Kizungu walimwita Bwana Chumvi, maana hakuna chungu asichotia mkono. Na mgonjwa aliyekwisha kata kamba, manesi walinong'onezana, "Wa dirishani mleteeni kawa," afunikwe kama chakula kilichopakuliwa. Maneno mabaya, ndiyo. Lakini anayeosha vidonda kutwa akikosa pa kuchekea atalia, na nesi akilia nani atachemsha sindano?

Mwiko ulikuwa mmoja: ya jikoni hayatoki nje kwa jamaa wa wagonjwa. Wao huambiwa, "Anaendelea vizuri, Mungu ni mkubwa," hata kama kawa imeshafika. Bimdogo alikuwa ameyasema hayo kwa watu wasiohesabika pale kwenye benchi la nje, na hakuna aliyeyasema kwa sauti tamu kuliko yake. Watu walimshukuru, wakaenda zao kulala.

Basi siku moja akaletwa Ashatu. Alikuwa mdogo wake Bimdogo, wa tumbo moja, ndugu pekee aliyembakia duniani. Mama yao alifariki Ashatu hajaota meno, na mgongo uliomlea ulikuwa wa Bimdogo. Sasa kichomi kilikuwa kimembana mbavu zote mbili, anavuta pumzi kwa shida. Bimdogo akakikimbilia kitanda. Bi Mgeni, nesi mkubwa wa wodi na shoga yake wa miaka, akamshika mkono.

"Vua aproni, shoga. Leo wewe mwenye mgonjwa."

Ndiyo ilikuwa adabu yao. Nesi hamuuguzi mtu wake, maana mkono wenye mapenzi hutetemeka na sindano. Bimdogo akavua aproni. Alipogeuka kutoka, Ashatu akamkamata upindo wa kanga.

"Dada, usiende mbali. Ikiwa ni kufa, mimi naogopa kufa na watu baki."

"Hufi wewe. Na mimi siendi popote."

Akakaa benchini. Kila mlango ulipofunguliwa alitega sikio apate neno moja la jikoni. Angemsikia mtu akisema Ashatu mbichi, angefurahi. Angeitwa ukoko, angecheka mpaka chini. Hakusikia kitu. Wenzake, aliozoea kutupiana nao matani asubuhi hadi jioni, walipita wameinamisha macho, wakimpa pole kwa heshima kama mgeni aliyefika jana kutoka shamba, Lugoba. Heshima ile ilimuuma.

Bi Mgeni alipotoka, Bimdogo akamzuia mlangoni. "Shoga, niambie kama unavyowaambia wenzako."

Bi Mgeni alikuwa na taulo mkononi. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Anaendelea vizuri, dada. Mungu ni mkubwa. Nenda kampikie uji, akiamka ale."

Sasa mtu atauliza, mwanamke huyu, mwenye kuujua uwongo ule kama anavyoijua nyumba yake, uliwezaje kumwingia? Ulimwingia vizuri sana. Moyo wa mwenye mgonjwa haujasoma mahali popote. Ukirushiwa neno jema huliokota hata kama ni la kuokota mavumbini. Bimdogo alitoka pale mbio, anatabasamu. Akapika uji wa mchele kwa tui. Alipouonja akaona haujakolea, naye Ashatu mpenda tamu, akaenda hadi dukani kwa Pazi kutafuta sukari. "Mgonjwa wangu anaamka," akamwambia Pazi, na Pazi akamshukuria Mungu.

Aliporudi na bakuli lake, Bi Mgeni alikuwa amepiga magoti sakafuni kando ya kitanda, analia. Shuka ilikuwa imefika juu ya uso.

"Nilijua hamalizi mchana," Bi Mgeni akasema. "Kinywa kilinishinda, Bimdogo. Ungekuwa mimi, ungeniambia?"

Bimdogo akasogea kitandani. Akauliza, "Alisema neno?"

"Alikuita. Alikuita sana."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umekwenda kumletea uji. Akasema uji hautaki, aitiwe dada yake. Nikamtamkisha shahada, akanifuata, lakini macho yalikuwa mlangoni."

Bimdogo akaliweka bakuli chini. Akaifunua shuka, akapanda kitandani na viatu vyake, akajilaza ubavuni mwa mdogo wake na kumkumbatia. Akaanza kumwambia sikioni, "Nimekuja, Ashatu. Nimekuja, mama, dada yako huyu hapa." Alisema hivyo mpaka sauti ikakauka, na katika wodi nzima hakupatikana mtu mwenye uso wa kumwinua.