Furushi la Kaberia

Mwalimu Kailemia alikuwa na mistari ya Biblia jinsi watu wengine walivyo na kuku: ilimzunguka uani kutwa nzima. Ukikohoa mbele yake, anakupa mstari wa kikohozi. Ukilalamikia mvua, utaambiwa sura, aya, na nani alinyeshewa. Watu walimheshimu, na wengine, tuseme ukweli, walipomwona kwa mbali walikata kona.

Tangu astaafu ualimu, kazi yake ilikuwa kuongoza ushirika wa Jumatano kijijini kwao, mwendo mfupi kutoka soko la Kianjai. Utaratibu aliuweka mwenyewe. Jumatano anatoa mstari, watu wanaenda nao shambani, sokoni na jikoni, na Jumatano inayofuata kila mmoja anasimama kueleza ameuishi vipi. Si kuukariri, kuuishi! Asiye na ushuhuda anaketi na aibu yake. Na nani alikuwa hakosi ushuhuda hata wiki moja? Yeye mwenyewe, nani tena.

Sasa, huyu mwalimu alikuwa na ndugu mmoja tu tumbo moja, mdogo wake, Kaberia. Mashamba yao yalipakana. Baba yao alipokufa aliwaachia miti ya miraa iliyopandwa na babu, minene kama mapaja, akaigawa nusu kwa nusu. Miaka kumi na mmoja iliyopita Kailemia alihudhuria mkutano wa injili kule Makutano, Meru, akaokoka, akarudi nyumbani na msumeno wa injini. Kufikia jioni nusu yake yote ilikuwa chini. Hakumuuliza mtu. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, alisema, na miraa haiingii hekaluni.

Jumapili iliyofuata Kaberia alimngoja langoni mwa kanisa, akamshika ukosi wa koti mbele ya waumini wote. "Mama yetu alizaa mtoto mmoja na shoka moja," alisema. "Mtoto ni mimi." Akamwachilia, akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kijia kilichounganisha nyumba zao kilizibwa kwa ua wa miiba, na kila mmoja akawa akisikia kikohozi cha mwenzake bila kusema pole. Kailemia alikuwa na mstari wa kila jambo, lakini ule wa kupatana na ndugu yako kabla ya kutoa sadaka hakuwahi kuutoa Jumatano hata moja. Aliupita kama mtu anavyopita nyumba ya anayemdai.

Basi mwaka huu, mwezi wa tatu, asubuhi ya Jumanne, akaja Kinya, binti ya Kaberia, mwanamke mzima mwenye cherehani yake pale sokoni. Alikuja kwa lango la mbele, amevaa nguo ya Jumapili, na mikononi amebeba furushi lililofungwa kwa majani mabichi ya mgomba. Huhitaji kuzaliwa huku kwetu Tigania mara mbili ili ujue hilo ni nini. Miraa ya kuuza hubebwa kwa gunia. Furushi la namna ile, likiletwa na mtoto wa nyumba, kwa mikono miwili, asubuhi, ni mtu anasema: nimekosa, au umekosa, yote sawa, tuyaache. Likipokelewa, yamekwisha. Wazee wa huku wamemaliza ugomvi wa damu kwa furushi kama hilo.

"Baba Mkubwa," Kinya alisema, "Baba amenituma. Amesema nikwambie neno moja tu: yamekwisha."

Moyo wa Kailemia uliruka. Hilo alikuja kulikumbuka vizuri baadaye, na ndilo lililomtesa kuliko yote: aliruka moyo kwa furaha. Miguu yake ilishaanza kwenda. Lakini pale kibarazani mkewe Veronicah alikuwa ameketi na akina mama wawili wa kanisa, wakiambua maharagwe, na mikono yao yote ilikuwa imesimama. Walikuwa wakimwangalia mzee wao wa kanisa ataifanyia nini miraa. Na mstari wa wiki ile, aliokuwa ameutoa yeye mwenyewe, ulikuwa ule wa Waefeso: msishirikiane na matendo yasiyozaa ya giza, bali myakemee.

Loo, na kesho yake ni Jumatano!

Akalichukua furushi kutoka mikononi mwa Kinya, akalikata kamba, akaenda hadi kwenye banda la mbuzi na kulimwaga lote ndani. "Mwambie baba yako," alisema kwa sauti ya kufika kibarazani, "nyumba hii haipokei giza." Mbuzi hawakuuliza ni miraa ya nini. Walikula. Kinya alisimama kidogo akiyatazama majani ya mgomba pale chini, kisha akayaokota, akayakunja vizuri, akaondoka nayo.

"Baba Muthomi," Veronicah alimwambia mumewe wageni walipokwenda, "hiyo haikuwa miraa ya kula."

"Miraa ni miraa."

"Haya. Wewe ndiye mwalimu."

Jumatano akashuhudia. Alisimulia vizuri, kwa mikono na macho, na watu wakapiga makofi na kusema amina. Alikuwa akiketi ndipo Mama Karwirwa, ajuza ambaye hajui kusoma hata jina lake, alipouliza kutoka kwenye kona, "Mwalimu, hiyo furushi ililetwa na nani?"

"Na binti yake."

"Kwa mkono moja ama mbili?"

"Mama, hilo si jambo la ushirika."

"Mimi nauliza tu. Kwa sababu kuna ile mstari ingine, sijui iko wapi, nyinyi wa macho mtatafuta. Inasema uache sadaka yako hapo mbele, uende upatane kwanza na ndugu yako." Akarekebisha leso yake. "Sasa nashangaa, kama ni ndugu ndiye amekuja mwenyewe, na sisi tunampigia makofi aliyemfukuza, tunaishi mstari gani?"

Kailemia alisema tufunge kwa maombi, akaomba maombi marefu yenye nchi nzima ndani yake, hadi serikali na wasafiri, lakini jina la ndugu yake halikutoka kinywani. Usiku huo na mwingine mwingi uliofuata alijiambia kwamba atakwenda. Wiki ijayo. Baada ya kuvuna maharagwe. Baada ya Pasaka. Binadamu akijua njia ya aibu ni ipi, hakosi shughuli.

Wiki ya tatu Kaberia alianguka shambani kwake, akiwa juu ya mti akichuma. Watu walidhani ni mti umemwangusha. Hospitalini Meru wakasema hapana, ni kiharusi, kilimkuta juu huko huko. Upande wote wa kulia ukafa, na ulimi nao ukanyamaza. Kailemia alizisikia habari hizo kanisani, tena zikisomwa kama tangazo, kati ya harambee ya paa na ratiba ya kwaya. "Na sasa," akasema mchungaji, "tumwombe mzee wetu Kailemia atuongoze kumwombea ndugu yake." Kailemia akasimama. Akafungua kinywa. Katika mistari yote ile, ya miaka yote ile, ukakosekana hata mmoja wa kumshika mkono, akaketi. Watu walidhani ni majonzi, wakamwonea huruma, na huruma yao ikamchoma.

Walipomrudisha Kaberia nyumbani baada ya siku kumi na nne, Kailemia alijua la kufanya. Mtu aliyemwaga furushi la ndugu yake hatumi mtoto, wala haendi mikono mitupu. Hubeba lake mwenyewe, kwa miguu yake, mchana, watu wakimwona. Tatizo ni moja: hakuwa na hata tawi. Aliyatupia macho mashina yale aliyokata, yaliyokauka, akacheka kicheko kisicho na raha, akavaa koti na kwenda sokoni Kianjai.

Siku ya soko! Nusu ya kanisa ilikuwa pale ikinunua viazi. Alikwenda moja kwa moja kwa wauza miraa, kwa kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake darasa la sita.

"Mwalimu!" kijana akapiga kelele. "Leo umepotea njia ama wokovu umeisha bundle kama simu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Siku nyingine angemjibu kwa Mithali. "Nipe iliyo bora," alisema. "Nataka ya kupelekea ndugu yangu. Uifunge kwa majani ya mgomba, majani mabichi."

Kicheko kikakatika. Kijana akachagua taratibu, kijiti kimoja kimoja, akafunga kwa adabu, na akakataa kumtazama machoni. Kailemia alitembea na lile furushi kwa mikono miwili, akapita mbele ya mke wa mchungaji, akamsalimia, akapita. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Ilikuwa rahisi hivi hivi tangu mwezi wa tatu, na miaka kumi na mmoja kabla yake.

Marcella, mke wa Kaberia, alimkuta langoni. Hakumkaripia. Alimwambia karibu shemeji, akampa kigoda kando ya kitanda, akalipokea furushi na kuliweka juu ya blanketi, mahali ambapo mgonjwa angeliona. Kinya alikuwa mlangoni, amekunja mikono. Kaberia alilala ametazama dari. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, na lile bega lililokuwa likibeba magunia limezama ndani ya shuka. Kailemia alipomwona alilia. Alilia kwa sauti, mzee wa kanisa, mbele ya wanawake, bila kujifuta.

Kisha akaushika mkono wa kushoto wa ndugu yake. "Kaberia," alisema, "nilielewa. Nataka ujue hivyo. Kinya alisema vizuri na mimi nilisikia vizuri. Nilifurahi hata. Halafu niliona watu wananitazama, nikawatupia mbuzi furushi lako. Sikuwa naishi neno lolote, nilikuwa natafuta cha kusema Jumatano. Na miti ya babu, ningekuuliza. Ilikuwa yako pia. Nisamehe, ndugu yangu."

Kaberia aligeuza macho, akalitazama furushi, akamtazama yeye.

"Najua huwezi kusema," Kailemia akaendelea. "Basi usiseme. Kama umenisamehe nibane mkono. Kidogo tu, mimi nitasikia."

Akangoja. Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Mkono ule ulikuwa na joto, mgumu kwa kazi, na ulikaa ndani ya mkono wake bila kutikisika. Kailemia akangoja tena, akaubana yeye, kama anayemwonyesha mtoto jinsi inavyofanywa. Hakuna kitu. Huruma ikamjaa.

"Maskini," alimwambia Marcella, akigeuka. "Kumbe ugonjwa umemnyima mikono yote miwili."

Marcella alitazama chini, akakunja upindo wa leso yake, akaukunjua.

"Hapana, shemeji," alisema polepole. "Huo wa kushoto ni mzima. Asubuhi amejishikia kikombe cha uji mwenyewe."

Kailemia akamgeukia ndugu yake. Kaberia alikuwa akimtazama usoni, macho makavu, bila hasira, na mkono wake umelala pale pale. Kailemia aliendelea kuushika, kwa sababu hakujua atauwekaje chini.