Kamba Aliyoiachia Makame

Haya ni kweli tupu, jamani, wallahi. Nikitia hata chembe ya chumvi, ulimi wangu na uote upele.

Makame, dereva mwenzetu aliyetoka Unguja kuja kutafuta riziki huku ughaibuni, alikabidhiwa mbwa saa tisa kasoro. Bosi wake, Bi Melissa, alikuwa na mkutano katikati ya jiji, West Bay, na mbwa wake, Biskuti, hakosi matembezi ya Alhamisi: bustani ya ufukweni njia ya Al Wakrah, ile inayoruhusu mbwa. "Makame, huyo ni mwanangu," alimwambia. Makame akaitika. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaisha mwezi huohuo, na wa kukihuisha ni Bi Melissa.

Alishika kamba kwa ncha za vidole, mkono kaunyoosha mbali, maana alishatawadha kwa ajili ya alasiri. Biskuti akaingia baharini, akatoka ameloa chapachapa, akamjia mbio kumshukuru. Mbwa mkavu Makame alimvumilia. Mbwa aliyeloa ni najisi, na udhu je? Akaruka kando. Alipoiachia kamba hakujua. Aliona tu mkono mtupu, na mkia wa kahawia unapotelea vichakani.

"Biskuti! Rudi, baba, rudi!"

Akakimbia njia ya kwanza, ya pili, akarudia ya kwanza. Nyuma ya ua kulikuwa na barabara kuu. Kila breki iliyolia, alipanda uani kuchungulia. Simu ikaita. Bi Melissa, tena kwa video. Akaiacha iite, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi. Ikaita tena. Akajiona keshafika Unguja na sanduku lake, na mkewe Mwanaisha anamuuliza mbele za watu: "Mbwa, Makame? Umerudishwa na mbwa?"

Mara akakiona kichwa cha Biskuti katikati ya bahari, kinaelekea Bahrain! Makame akajitosa na viatu vyake, akaogelea, akampita papa aliyekuwa kajipumzikia, akamdaka mbwa sikio...

"Papa gani?" Alikuwa Mutai, Mkenya, mlinzi wa bustani ileile, sikumwona akiingia humu mkahawani nilimokuwa nikisimulia. "Mzee, wacha hizo. Mimi ndio nilikuwa kwa geti. Huyo mbwa alikuwa amelala tu chini ya gari yao. Nikaita Makame, akakuja akilia, akamkumbatia hivyo mbwa akiwa ameloa, ndio akashika simu."

"Na baharini hakuingia?" wakauliza mezani.

"Alienda kuosha mikono mara saba, na mchanga juu. Hata magoti hayakulowa. Madam naye aliona kwa video vile amemkumbatia, akafurahi ati dereva anapenda mbwa hivyo. Kibali ametoa juzi."

Wote wakanigeukia. Nikamwita mhudumu: chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, kwa meza nzima, na chapati mbili za Mutai.

"Tatu," akasema Mutai. "Moja ya huyo papa."

Nikalipa.